Kwa nini haidrenjia hulegea mchana wa kaskazi

Saa saba mchana, mwezi wa pili, haidrenjia yangu imelegea kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Majani yananing'inia, vikonyo vimelainika, na anayepita uani hawezi kunyamaza. Bibi wa nyumba ya pili ndiye huwa wa kwanza.

"Mwanangu, ua lako linakufa kiu, hulioni?" Kata ameshaishika mkononi.

"Liache, bibi. Magharibi utalikuta limesimama."

Hunitazama kama mtu anayemnyima maji mgonjwa. Ikifika saa kumi na mbili jioni, jua limeshakwenda zake upande wa Usambara, majani yamenyooka yenyewe bila tone la ziada, na bibi hukubali kwa mguno tu. Kesho yake tunaanza upya.

Simlaumu. Mwaka wa kwanza nilipolileta ua hili Tanga, ningeipokea ile kata nikamwaga mwenyewe. Nilimwagilia asubuhi, nikamwagilia adhuhuri lilipolegea, nikamwagilia alasiri kwa kuwa bado limelegea. Wiki ya tatu likalala chini lisiinuke tena. Nilipoling'oa, mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni, ikinuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Nilikuwa nimelizamisha, nami nikidhani nalinywesha.

Kulegea kwa haidrenjia wakati wa joto kuna sababu tatu zisizofanana hata kidogo, ila sura yake ni moja. Hulegea kwa ukali wa jua tu, udongo ukiwa na maji ya kutosha. Hulegea kwa kiu ya kweli. Na hulegea kwa sababu mizizi imeoza kwa maji mengi. Dawa ya ile ya pili ndiyo sumu ya ile ya tatu, na watu wengi tunaijua dawa moja tu.

Jina lenyewe linachangia kutupotosha. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la maji na jingine la chombo, na ukilisikia hivyo unasema naam, hili ni ua la kunywa. Kumbe waliolipa jina walikuwa wakitazama tumba la mbegu, ambalo kwa umbo linafanana na kimtungi cha maji.

Tuanze na kulegea kwa jua. Jani la haidrenjia ni pana kama kiganja cha mtu mzima, laini, na upande wa chini lina vitundu vidogo ambavyo wanabiolojia huviita stomata. Kwa vitundu hivyo mmea huvuta hewa na kutoa mvuke. Jua la utosi likipiga, mvuke unatoka kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta maji, hata kama mizizi imekaa ndani ya tope. Sawa na tangi kubwa linalojazwa na mpira mwembamba huku bomba la chini limefunguliwa lote: kisima hakijakauka, lakini tangi linapungua. Maji yakipungua ndani ya jani, jani linalegea, na kulegea kwenyewe ni kinga, maana jani lililoning'inia linapokea jua la ubavuni, si la usoni. Jua likishuka, mizizi inafidia pengo. Ndiyo maana saa kumi na mbili linasimama.

Sasa tazama mizizi ile iko wapi. Haidrenjia haina mzizi mkuu wa kwenda chini kama mwembe. Ina utitiri wa vijizizi vyembamba vinavyotambaa juu juu, palepale ambapo jua linaupasha udongo. Mche ukiwa bado ndani ya kiriba cheusi cha kitaluni, na kiriba kimewekwa juani kwenye sakafu ya saruji, joto la udongo ule linaweza kupita nyuzi 40. Mizizi iliyochemka haivuti kitu hata uimwagie bahari.

Hapo ndipo maji mengi yanapogeuka kuwa mauti. Mizizi inapumua, inahitaji oksijeni iliyomo kwenye matundu ya udongo. Ukijaza maji matundu yale, hewa inafukuzwa. Joto linazidisha mambo mara mbili kwa mpigo: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na mizizi ikipata joto hupumua kwa kasi zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Vijizizi vinakufa, vimelea vya kuozesha vinaingia, na mmea uliokatwa mizizi unalegea juu kwa kukosa maji huku chini ukiogelea. Mwenye mmea anaona umelegea. Anachukua kata.

Namna ya kuzitenganisha sababu hizi tatu ni rahisi, ila inataka mtu wa kuamka mapema. Usiuhukumu mmea mchana. Utazame alfajiri, kabla jua halijatoka, baada ya kupumzika usiku kucha. Ukisimama imara alfajiri, kulegea kwa jana kulikuwa kwa jua. Usifanye lolote zaidi ya kuutafutia kivuli. Ukiwa bado umelegea alfajiri, chomeka kidole udongoni mpaka fundo la pili. Kikitoka kikavu, una kiu: mwagilia mpaka maji yatokee chini ya chungu, na saa mbili au tatu baadaye utauona umenyanyuka. Kikitoka na tope, acha maji kabisa, inua chungu kiweke juu ya matofali mawili kipate hewa chini, kisha unuse. Harufu ya uvundo ikiwapo, upakue, ukate mizizi yote laini ya kahawia, ubakize iliyo myeupe na migumu, upande upya kwenye udongo mwepesi. Baadhi hupona. Wangu wa kwanza haukupona.

Saa ya kumwagilia nayo ina maneno mengi mitaani. Utaambiwa ukimwagilia mchana, matone yanageuka kioo na kuchoma majani. Kwa jani lisilo na manyoya kama hili, sioni hoja. Kinachochoma mara nyingi ni mambo mengine mawili. La kwanza ni mpira wa maji ulioachwa juani: yale maji ya mwanzo yanayotoka unaweza kunawia uso wakati wa baridi ya Lushoto. Yaache yamwagike pembeni mpaka yapoe. La pili ni chumvi. Visima vingi vya pwani yetu vina ladha, na hasa kaskazi ikikolea kabla ya masika ladha ile inazidi. Tone la maji ya chumvi likikauka juu ya jani, chumvi inabaki. Na ikijilimbikiza udongoni, kingo za majani zinaungua na kuwa kama karatasi iliyopitishwa motoni. Maji ya bomba la Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mto huo unashuka kutoka Usambara Mashariki, kwa hiyo ni mepesi zaidi kwa ua la mlimani. Maji ya mvua yanayapita yote. Mimi huweka pipa chini ya mchirizi wa bati tangu vuli, na wa nyumbani wamekwisha kunizoea.

Kwa hiyo mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, mara moja kwa kushiba kuliko mara tatu kwa kuonjesha. Jioni usiloweshe majani: usiku wetu una unyevu na joto, na jani lililolala limeloa huamka na madoa ya ukungu.

Kivuli ndicho dawa kubwa kuliko maji. Haidrenjia inapenda jua la asubuhi na kuchukia la alasiri, basi mahali pake ni upande wa mashariki wa nyumba, ambapo ukuta wenyewe unalikinga kuanzia saa sita. Chini ya mwembe ni pazuri kwa kivuli, ila mwembe ni mlafi wa maji, utashindana nao. Chini ya mwembe weka chungu, usipande ardhini. Palipo wazi kabisa, pandisha kipande cha makuti juu ya miti minne, kwa urefu wa kuacha upepo upite. Msiufungie kila upande. Nimeona mtu kaufunika na turubai la bluu, ukaiva kama muhogo.

Chungu cha udongo kinashinda ndoo ya plastiki kwa sababu ileile inayofanya maji ya mtungini yawe baridi: kinatoa jasho, na jasho linapooza. Mimi nimekwenda mbele kidogo, chungu nimekitia ndani ya chungu kikubwa zaidi na katikati nimejaza mchanga ninaoulowesha asubuhi. Juu ya udongo natandaza matandazo unene wa vidole vitatu. Tanga hatukosi makumbi ya nazi, lakini uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba yamekunywa maji ya bahari, na ukiyatandaza bila kuyaloweka na kuyasuuza mara kadhaa kwa maji matamu, umemwekea mgonjwa chumvi kitandani. Majani makavu ya mwembe hayana kesi hiyo.

Mbolea usiguse wakati wa joto. Urea inasukuma majani mapya, mororo, makubwa, nayo ndiyo ya kwanza kulegea. Na ukataji uwe wa huruma: aina hii ya kawaida hutunga maua kwenye matawi ya msimu uliopita, kwa hiyo anayeufyeka ili "uchipue vizuri" anakata maua ya mwaka unaofuata.

Halafu kuna suala la rangi, ambalo kwa mtu wa Tanga ni zaidi ya urembo. Ukipanda mlima kutoka Mombo, kilomita 33 za kona juu ya kona, haidrenjia za Lushoto utazikuta za bluu. Ulete mche huohuo mjini, uupande kando ya ukuta wa zamani, na kama utajaliwa kuona ua, litakuwa la waridi. Hukuuziwa mbegu nyingine. Kinacholitia ua rangi ni kilekile. Kilichobadilika ni udongo.

Udongo mwekundu wa milima yenye mvua nyingi una tindikali, na kwenye tindikali madini ya alumini yanayeyuka, mizizi inayavuta, yanapanda mpaka kwenye ua na kushikana na rangi iliyomo, inakuwa bluu. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, kikiwa chini ya 5.5 hivi, bluu hukolea. Kikipita 6.5, alumini inajifungia udongoni na ua linabaki waridi. Katikati ya hapo hutoka zambarau. Ua jeupe halijali lolote katika haya. Sasa mji wetu umekaa ukingoni mwa matumbawe ya kale, na kuta zetu za zamani ni mawe hayohayo yaliyoshikwa kwa chokaa. Kila mvua inapopiga ukuta inateremsha chokaa kidogo kwenye udongo wa chini yake. Hapo pH haiwezi kuwa ya Lushoto.

Waridi si kasoro. Mimi binafsi naipenda. Tatizo ni kwamba udongo ule unaofungia alumini unafungia chuma pia. Jani likikosa chuma linageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Watu hulitazama jani hilo la njano, nalo limelegea mchana, wanasema tena: kiu. Maji ya kisima, ambayo nayo yana chokaa, yanaongeza ugonjwa kila kata. Tiba ni kuhamishia mmea kwenye chungu chenye udongo wa mlimani uliochanganywa na mboji, na kuunywesha maji ya mvua.

Anayeitaka bluu kwa nguvu asitafute mbali. Shabu, ileile ambayo bibi zetu walizungushia ndani ya mtungi ili takataka zituame, na ambayo kinyozi humpaka mtu baada ya wembe, ni chumvi yenye alumini. Kijiko kimoja cha chai kilichoyeyushwa kwenye lita tano za maji, mara moja kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa tayari na unyevu, kinatosha. Ukizidisha unachoma mizizi. Anza miezi kadhaa kabla ya maua, maana ua lililokwisha kuchanua halirudi nyuma. Na usitumie mbolea ya DAP kwenye mmea huo: ina fosforasi nyingi, asilimia 46 kwa hesabu iliyoandikwa kwenye mfuko, na fosforasi inaikamata alumini kabla mizizi haijaipata. Wenye kulalamika kwamba shabu haifanyi kazi, waulizwe kwanza walipandia nini.

Shabu hiyohiyo ina kazi ya pili, wapambaji wa harusi wanapaswa kuijua. Ua la haidrenjia likikatwa hulegea haraka kwa sababu utomvu unaziba tundu la shina. Likate kwa kisu kikali, chovya ncha kwenye unga wa shabu, kisha litie majini. Likiwa limeshalegea kabla bwana harusi hajafika, zamisha kichwa kizima kwenye beseni la maji baridi nusu saa au zaidi. Ni ua la nadra linaloweza kunywa kwa kichwa. Hivyo tunavyoviita petali, kwa kweli ni sepali, vikombe vya ua. Maua yenyewe ni yale manukta madogo ya katikati.

Jambo moja la pembeni, kwa wenye mbuzi: majani haya yana sumu kwa mifugo. Na mbuzi wa mtaani hajui ua la Japani ni lipi.

Nimesema la Japani, na hapo kuna la kushangaza kidogo. Aina hii hukua mwituni kwenye pwani ya Pasifiki ya kisiwa cha Honshu. Ni mtu wa pwani, kama sisi. Upepo wa bahari hauliudhi. Linachokosa Tanga ni usiku wa baridi. Mmea mchana hutengeneza sukari, usiku huitumia kwa kupumua, na usiku wenye nyuzi 25 unaila akiba hiyo kwa kasi zaidi. Zaidi ya hapo, haidrenjia haitungi vitumba vya maua mpaka ipate wiki kama sita za ubaridi, chini ya nyuzi 18 hivi. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo wenzetu wa kule wana nyuzi nane au tisa za bure. Sisi hata kusi likivuma Julai, usiku haufiki huko. Ndiyo sababu mche unaouzwa na maua mawili makubwa mwezi wa kumi, ukiutunza vizuri mno, mwaka unaofuata unakupa majani tupu. Muuzaji hakukudanganya. Hakuulizwa.

Kinachochekesha ni kwamba sisi tunahangaika na ua la watu, na watu wanahangaika na la kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya hapa Tanga, aliokota kijiua cha zambarau cha kivulini akakipeleka kwao. Mwaka uliofuata kikapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia, na leo kinakaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Huota hata kwenye mawe ya Amboni, kilomita chache kutoka Chumbageni, mtaa wa hapa mjini. Chenyewe joto letu kinalijua.

Haidrenjia yangu ya pili ilivuka kaskazi mbili bila kuchanua. Mwezi wa tano uliopita nilifunga chungu kwa gunia, nikakipandisha basi la Lushoto kwa shangazi yangu. Kondakta alitoza nauli ya mzigo, kisha akakiweka juu ya kiti kilichokuwa kitupu, akisema maua hayakai kwenye buti. Shangazi alikiweka nje ya jiko, kwenye ubaridi wa miezi ya Juni hadi Agosti, akakinyweshea maji ya mvua.

Kilirudi mwezi wa kumi kikiwa na vichwa viwili. Havikuwa vya bluu kama vya jirani zake wa kule, wala vya waridi kama vya ukutani kwetu. Vilikuwa vya zambarau, kwa sababu chungu kile kilikuwa kimekwisha kunywa kisima changu mwaka mzima. Bibi wa nyumba ya pili alivizunguka, akavigusa.

"Hivi umevitia rangi?"

"Sijavitia, bibi."

"Basi vipe maji."

Ilikuwa saa saba mchana.